Sikio la Dukani

Kinanda cha mitindo, yaani kile ambacho mpigaji akishika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mkono wa kushoto chenyewe humwongezea ngoma, besi na gitaa, aghalabu hupimwa dukani kwa kitufe cha demo, ambayo ni muziki uliopangwa kiwandani na mafundi hodari ili usitegemee vidole vya mnunuzi. Kamati ya kwaya husikiliza Yamaha na Korg kwa zamu, kisha hukipa ushindi kile kilichofunguliwa sauti zaidi, kwa kuwa sikio la binadamu huona kilicho kikubwa ndicho kitamu. Polifonia, yaani idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja kabla nyingine hazijakatwa, husomwa kwenye boksi kwa unyenyekevu wa somo la Jumapili: noti 128, kwa mpigaji ambaye vidole vyake vitatu tu ndivyo vyenye ajira (ingawa, kwa haki, ngoma na besi nazo hula humo humo). Hatimaye chombo hufika kanisani, huchomekwa kwenye spika iliyopasuka koni tangu mkesha wa Pasaka, na tofauti yote iliyogombaniwa dukani kule Kariakoo hugeuka mkoromo mmoja.