Kisiwa au Mashimo: Mwongozo kwa Mtu Mzima Anayerudia Vitabu vya Utotoni

Kwanza vitafute vitabu vyenyewe. Dukani usiende, huko utauziwa kitabu cha kutajirika kwa siku 30, ambacho nacho ni hadithi ya kusaka hazina, ila hakina kasuku. Nenda kwa mjomba aliyekuwa mwalimu, mwamkie, kunywa chai yake mpaka iishe, ndipo uombe ruhusa ya kuvuta sanduku lililo uvunguni. Humo, chini ya vyeti na picha za harusi za watu walioachana zamani, utavikuta vimelala pamoja: Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson na Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Haggard, vyote vimetiwa Kiswahili na Frederick Johnson, yule yule wa kamusi. Kimoja hakina jalada, kingine kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Usitafute nakala nzima. Nakala nzima siyo uliyoisoma wewe.

Sasa jifungie. Akiuliza mtu unasoma nini, sema ni mambo ya ofisini. Mtu mwenye mvi akikutwa na maharamia saa nne asubuhi ya siku ya kazi, kikao cha ukoo kitaitishwa.

Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, amua nani mshindi. Najua utaambiwa usome kwanza, uhukumu baadaye. Huo ni ushauri wa watu wasiokuwa na kijiwe. Wewe hukumu ulishaitoa ukiwa darasa la saba, na rafiki uliyebishana naye wakati ule bado yupo, bado anabisha, na safari hii ana miwani. Wala ubishi huu hamkuuanzisha ninyi. Stevenson alichora ramani ya kisiwa mwaka 1881 kule Braemar, Scotland, mvua inanyesha, kumfurahisha mtoto wa mkewe. Ramani ikazaa hadithi, hadithi ikatoka kitabu mwaka 1883. Haggard akakisoma na kukibeza. Ndugu yake akamwambia: haya, andika wewe kilichofikia hata nusu ya hiki. Wakawekeana dau la shilingi 5. Haggard akaketi wiki chache tu, na mwaka 1885 Mashimo yakawa mtaani. Neno "nusu" liweke akilini, tutalirudia wakati wa kulipa.

Ukianza na Kisiwa, jihadhari na mama yake Jim, yule kijana anayetusimulia hadithi. Utotoni ulimlaani. Maharamia wako njiani, sanduku la mpangaji wao, marehemu haramia Billy Bones, li wazi, dhahabu ya kila nchi imejaa, naye mama amepiga magoti anahesabu deni lake la chumba na chakula. Anachambua sarafu za Kiingereza peke yake, kwa kuwa ndizo anazojua kuzihesabu; hataki kuzidisha hata senti, wala hakubali kuridhika na pungufu. Ukamlilia: mama we, beba mfuko wote tukimbie! Leo unarudi ukiwa na nyumba ya kupangisha, na mpangaji wa chumba cha uani ametoroka usiku na kodi ya miezi minne. Nakuhakikishia utamkemea Jim amwache mama amalize hesabu.

Ukifika kwa Long John Silver, weka kitabu chini upumue, maana hapa ndipo mashindano yanapokwisha, kama uliyaanza kwa haki (hukuyaanza kwa haki, tuendelee). Mpishi wa mguu mmoja, ulimi wa asali, anampenda Jim kwa dhati na angemuua kwa dhati, na huwezi kuonesha mstari ambapo pendo linaishia na kisu kinaanzia. Utotoni uliona jambazi. Ukubwani utamtambua: umewahi kufanya kazi chini yake, na pengine ulimpigia kura. Haggard hana mtu wa namna hii. Ana Kapteni Good mwenye meno ya bandia na miwani ya jicho moja, ambaye ni kichekesho kizuri, lakini kichekesho hakikukoseshi usingizi. Na usimpite mke wa Silver. Ni mwanamke mweusi, hakupewa hata jina, na ndiye pekee mwenye akili timamu humo ndani: wanaume wanauana juani, yeye kauza hoteli yao kule Bristol, kakusanya fedha, kaondoka zake kumngoja mumewe mahali wanapopajua wao wawili.

Kwenye Mashimo, usisome ukiwa na kalenda. Katika toleo la kwanza mashujaa wanawatisha wenyeji kwa kutabiri kupatwa kwa jua, na usiku uliotangulia palikuwa na mwezi mpevu. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kupanda paa kutafuta mwezi wa Ramadhani atakwambia jua halipatwi mwezi ukiwa mpevu. Hupatwa siku zile mwezi haupo. Haggard mwenyewe baadaye alibadilisha, kukawa kupatwa kwa mwezi. Kumbuka wanaodanganywa hapo ni watu wanaolala nje na kuuangalia mwezi kila usiku, na anayewadanganya ana kitabu cha tarehe mfukoni.

Na usihesabu makaburi. Mimi nilihesabu, nikajuta. Utotoni nilikuwa Quatermain, mwindaji anayesimulia Mashimo. Bunduki begani, wapagazi nyuma. Safari hii nilikwama kwa Khiva, kijana wa Kizulu. Ndovu anamkimbiza Good, Good anateleza na kuanguka kwa sababu hakukubali kuacha suruali yake ya kistaarabu na viatu vyake porini. Khiva anamrushia ndovu mkuki kumwokoa bwana, ndovu anamgeukia na kumpasua vipande viwili. Halafu inafuata kazi ya maziko. Pembe za ndovu zinachukua siku mbili kung'olewa, zinafukiwa kwa uangalifu chini ya mti mkubwa. Khiva anawekwa katika shimo la mhanga, na mkuki wake. Nilipokuwa na miaka 12 niliupita ukurasa huo mbio, nina haraka ya kufika kwenye almasi. Johnson angeweza kuandika "migodi". Aliandika "mashimo", na sasa kila nikiliona neno hilo juu ya jalada nafikiria lile la mhanga.

Hata hivyo nilikesha nacho mpaka saa tisa usiku, sikukiweka chini. Hilo nalo ukiri, maana atakayekwambia Mashimo yamemchosha ana lake jambo.

Hatimaye peleka hukumu barazani. Mimi nilisimama na Kisiwa, jirani yangu akasimama na Mashimo, dau likawa kahawa ya jioni nzima. Tulipokaribia kushikana mashati nikamkumbusha: dau la asili lilikuwa nusu. Haggard hakutakiwa kumpita Stevenson, alitakiwa kufikia nusu yake, na nusu kaifikia na chenji inarudi. Kwa hiyo kitabu changu ni bora, na chako kimeshinda dau. Jirani akatafakari, akasema basi hakuna wa kulipa. Muuza kahawa akatua dele lake chini, akachuchumaa, akaanza kuhesabu vikombe vyetu kimoja kimoja, taratibu, bila kuzidisha wala kupunguza.