Mwezi wa Kumi na Tano

Chukulia mkimbizi wa Burundi aliyeingia kambi ya Mtendeli tarehe 15/03/2016. Huku Kigoma hata mtoto anajua hiyo ni Machi. PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, haijui. Ikiona mkwaju inavaa kofia ya Marekani: mwezi kwanza, siku baadaye, na mwezi wa kumi na tano haijawahi kuusikia. Basi inashindwa kimya kimya, sifuri, yaani mwanzo wa hesabu yake ya muda, inashika usukani, na ukurasa unaandika 01/01/1970. Hongera mgeni wetu, umewahi kambi miaka arobaini na sita! Tena kwa majira ya Dar es Salaam ni saa tisa usiku, mlinzi amelala. Weka vistari, 15-03-2016, mashine inapata akili ghafla. Ila kiboko ni 05/03: hiyo hailalamiki kabisa, inampeleka mtu Mei, na mgao wa Machi na Aprili akaudai kwa kompyuta.