Mpwa Wangu Anakodi

Kijana akikwambia, "Mjomba, siku hizi nakodi," usiwahi kufurahi. Mimi nilijua kapata chumba, labda Tabata, labda Kinyerezi, na lile godoro lake linatoka nyuma ya kochi langu. Kumbe hakodi chumba wala pikipiki. Anaandika programu za kompyuta, na wenyewe ndivyo wanavyosema. Godoro liko palepale.

Ubaya wa kuishi na mtu wa namna hii ni kwamba atakufundisha, utake usitake. "Ni lugha tu, mjomba, kama lugha nyingine." Lugha gani hizo? Moja inaitwa Python, na si chatu: Mholanzi aliyeitunga, Guido van Rossum, aliitoa 1991 na jina akalichukua kwa wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Nyingine ni Java, ambayo ni kahawa. Ipo na JavaScript, na ukisema ni mtoto wa Java utachekwa mpaka na wanafunzi wa sekondari, kwa sababu ukoo hawana. Mwaka 1995 Java ilikuwa inavuma sana, wakubwa wakaona heri waazime jina. Watu wanaobatizana hivi ndio wanaonikemea mimi kwa ajili ya nukta.

Somo la kwanza lilikuwa kibadilika. "Chukulia ni kopo, mjomba. Limebandikwa jina, ndani umeweka kitu. Ukikihitaji unaita jina." Nikamuuliza kama amewahi kuingia jikoni kwa mama yake. Katika nyumba zetu kopo la Blue Band lina chumvi. La maziwa ya unga lina iliki na karafuu. Lile bati la bluu la biskuti, ambalo kila mtoto amewahi kulifungua kwa matumaini, lina sindano, nyuzi na vifungo vya mashati yaliyokwisha kuwa matambara. Jina la kopo halikwambii lolote.

Badala ya kunyamaza, akashangilia. "Umeelewa kabisa! Python ndivyo ilivyo. Jina lilelile asubuhi linabeba namba, jioni linabeba maneno, na haikuulizi." Kwa hiyo mke wangu ameandika programu miaka yote hii na hakuna aliyemlipa.

Ila kuna sharti. Kopo halina ubaguzi, lakini kilichomo kina aina yake, na mashine haisahau. Ukiandika 5 tupu, hiyo ni namba. Ukiifungia ndani ya alama za nukuu, si namba tena, ni maandishi, na kompyuta inaitazama kwa jicho lilelile inalotazamia neno "muhogo". Iambie Python ijumlishe 5 ya nukuu na 5 tupu: inagoma, inakuletea mistari ya lawama kwa Kiingereza. JavaScript haina tabia ya kugoma. Inakupa 55.

Nikasema ajaribu kutoa basi, 5 ya nukuu toa 5 tupu. Ikaleta 0. Alama ya kujumlisha inaunganisha maandishi, akanieleza, lakini maandishi hayatoleki, kwa hiyo kwenye kutoa mashine inayageuza kuwa namba kimyakimya. Maelezo mazuri. Naomba tu mhasibu wa ofisini kwetu atumie ile ya kujumlisha siku ya mshahara, na Mangi wa dukani atumie ya kutoa kwenye daftari la madeni yangu.

Linaloniudhi hasa ni hili: x = x + 1. Mimi hesabu nimefundishwa kwa fimbo. Hakuna kitu chini ya jua kinacholingana na chenyewe baada ya kuongezwa moja. Ile alama ya mistari miwili iliingizwa kitabuni mwaka 1557 na Robert Recorde, mtu wa Wales, aliyechoka kuandika "ni sawa na" kila mara, akaona hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko mistari iliyolala sambamba. Karne nne tukaishi nayo kwa amani. Wakaja hawa. Kwao alama hiyo ni amri: kokotoa cha kulia, kiweke kushoto. Ukitaka kuuliza kama vitu viwili vinalingana, unaandika mbili. Na katika JavaScript, ukitaka kuuliza kwa dhati, bila mashine kukugeuzia maandishi kuwa namba nyuma ya mgongo wako, unaandika tatu. Yaani hata usawa una daraja la kawaida na daraja la kwanza.

Kuhesabu nako wanaanzia 0. Orodha ya watu watano, wa mwisho ni namba 4. Ati namba inaonyesha umbali kutoka mwanzo wa orodha, na wa kwanza hajaenda popote. Kajaribu kumweleza hivyo mtu aliyewahi foleni ya zahanati tangu alfajiri.

Mabano nayo yana visa. Juzi kijana aliacha mabano wazi mstari wa 4, na ile Python ya zamani iliyo kwenye kompyuta yake ya mitumba ikaukamata mstari wa 5, ambao haukuwa na hatia yoyote. Akautazama mstari wa 5 hadi chai ikapoa. Matoleo ya miaka hii yanaonyesha mabano yenyewe, kwa hiyo inaelekea kuna mwingine aliyelalamika kabla yangu.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini wiki iliyopita mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Tanga kutujulia hali, alilala chumba kinachopakana na sebule, na usiku wa manane kijana yuko kwenye simu na mwenzake:

"Mzazi kafa? Basi watoto wameshakuwa yatima, watachukuliwa na namba moja. Huyo zombi huwezi kumuua, ameshakufa. Muue mzazi wake. Hataki? Mpige tisa. Pepo mwache, anafanya kazi yake."

Asubuhi nikaitwa. Nikajikuta namtetea kijana kwa maneno yake mwenyewe. Mama, nikasema, programu inayoendeshwa kwenye seva ikizaa nyingine, ile ni mzazi, hii ni mtoto. Mzazi akitangulia, watoto wanalelewa na programu ya kwanza kabisa, namba moja. Mtoto akifa na mzazi asipopokea taarifa ya kifo, jina lake linabaki kwenye orodha ya walio hai, na huyo ndiye zombi. Tisa ni amri ya kuua isiyokataliwa. Na pepo ni programu inayohudumu pasipo kuonekana. Jina lilianzia Marekani, MIT, katika miaka ya 1960, kwa watu waliokuwa wanamuwaza pepo wa kubuni wa mwanafizikia Maxwell.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kanga begani, tasbihi mkononi.

"Kwa hiyo mwanangu, pepo yumo humu ndani?"

"Yumo kwenye kompyuta, mama."

"Na mnamlisha nini?"

"Umeme."

Akamwita binti yake, akauliza basi la kwanza la Tanga linaondoka saa ngapi.