Mwongozo wa Uchoyo kwa Mkulima wa Uluguru

Mto Ruvu unateremka kutoka milima ya Uluguru mpaka kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Maji wape, ni haki yao. Rutuba wanyime. Masika inapokolea na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, ujue humo imo mbolea ya mtu wa Matombo au Kinole, na huenda ni yako.

Uchoyo unaanzia kwenye mfuko. Kilo 50 za urea zina kilo 23 tu za naitrojeni, nayo haikai: ukiimwaga juu ya udongo inapotea hewani, ukiirusha mteremkoni mvua kubwa ikiwa njiani inakwenda na maji. Ruzuku ya msimu wa 2022/2023 ilishusha mfuko hadi shilingi 70,000, na hizo bado ni hela nyingi za kupeleka mtoni. Kwa hiyo usirushe. Tia kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia katika kila shimo la mahindi, ifukie kidogo, ndipo udondoshe mbegu, maana zikigusana mbegu inaungua. Mahindi yakifika magotini, palilia kwanza. Magugu yana njaa kuliko mahindi. Kisha, udongo ukiwa na unyevu, chimba kishimo upana wa kiganja kutoka kwenye shina, upande wa juu wa mteremko, tia kizibo cha urea na ukifukie hapo hapo.

Magugu uliyong'oa usiyachome. Mgeta kuna kilimo cha ngazi cha tangu enzi za mababu, ambamo majani yanafukiwa ndani ya ngazi yaoze humo humo, na sijaona uchoyo mzuri kuliko huo. Matuta ya kulazimishwa ni habari nyingine. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliukataa kwa ghasia mpango wa wakoloni wa kuchimbisha matuta, na mimi nasimama upande wao: penye udongo mwembamba, jembe lilifukia udongo wa juu wenye rutuba na kupandisha ule wa chini usio na kitu. Kingo unazozihitaji leo ni matete au majani ya guatemala, yapandwe kukingama na mteremko.

Majani hayo mkatie mbuzi. Mgeta wanafuga mbuzi wa maziwa wa Kinorwe tangu miaka ya 1980, na chini ya banda la kichanja samadi inajikusanya yenyewe. Ifunike kwa majani ya migomba, mvua isiioshe.

Na kabla ya kununua mfuko mwingine, peleka udongo wako SUA, chuo kikuu cha kilimo, ukapimwe. Udongo wa milimani mara nyingi una tindikali. Ukikutwa nayo, tia chokaa kwanza, la sivyo fosforasi ya DAP, mbolea ya kupandia, itang'ang'aniwa na udongo, mahindi yabaki na majani ya zambarau, na wewe umeshalipa dukani.