Setilaiti Imekwisha Kukuona

Kasapa, pembeni mwa Lubumbashi, haina siri tena. Setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, huipiga picha kila baada ya siku chache, mita kumi kwa kila doa la picha, na picha hizo ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Ofisi ya vibali vya migodi, CAMI, nayo imeanika ramani yake mtandaoni. Mtu aliyeko Brussels anaweza kupima umbali kati ya mtaa wako na eneo la kibali cha mgodi kabla kahawa yake haijapoa.

Na misitu ya miombo je? Kila shamba jipya la visiki linaonekana toka juu. Huku chini, magunia ya makaa yanaingia mjini kwa baiskeli mchana kweupe, yanapita karibu na chuo kikuu ambako misitu inatafitiwa, na umeme ukikatika jioni mtafiti naye anatuma mtoto akanunue mfuko mmoja.

Ila uliza kiwanja kimoja cha hapa Kasapa ni cha nani. Hapo mbingu kimya. Ukutani kumeandikwa kwa rangi nyekundu "hakiuzwi", na wenye hati zenye mihuri wako wawili. Ukitaka kununua, zima simu, kamuulize mama anayeuza nyanya hapo jirani. Yeye anajua kimeuzwa mara ngapi.