Kohoa Kidogo, Mama

Nina miaka 54. Nina watoto wanne, wajukuu wawili, miwani moja ya kusomea, na meno yote isipokuwa gego moja lililong'oka kwa hiari yake. Kila Jumanne naondoka Migori kabla ya jua kuchomoza, napanda Probox hadi Rongo, nabadilisha gari, nafika Homa Bay kununua omena. Hiyo Probox iliundwa kubeba watu watano. Sisi huwa kumi, na mimi, kwa heshima ya umri wangu, hupewa nafasi ya mbele, kati ya dereva na abiria mwingine, gia ikiwa katikati ya magoti yangu. Hakuna siku mtu yeyote humo ndani ameniuliza kama magoti yananiuma.

Nataja magoti kwa sababu runinga haina habari nyingine nami. Hebu angalia safari ya mwanamke kwenye matangazo ya biashara. Akiwa na miaka 20 anauza mafuta ya kujipaka. Akifika 30 anauza sabuni ya unga, anacheka na shati la mtoto lililojaa tope, kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumba yoyote yenye tope. Akifika 40 anauza mafuta ya kupikia. Akifika 50 anashika goti, anakunja uso, na binti yake anamletea dawa ya kuchua. Baada ya hapo hauzi kitu tena, labda jeneza. Wahenga walisema utu uzima dawa. Wenye matangazo wamesikia nusu: kwao utu uzima ni kuuziwa dawa.

Haya ningeyameza kimya kimya kama si yaliyonipata pale bichi ya Homa Bay mwezi uliopita.

Nilimkuta kijana mmoja wa kofia amesimamisha kamera yake kando ya nyavu za kuanikia omena. Walikuwa wanapiga filamu fupi kuhusu msichana wa mjini anayerudi kijijini kwao. Mama wa huyo msichana walikuwa wamemleta toka Nairobi, lakini alikuwa na ngozi nyororo kiasi kwamba wakisimama pamoja ungedhani dada. Kumbe hata umri wamepishana miaka sita tu. Wakaanza kuangaza macho kutafuta mama wa kweli. Macho yakaniangukia mimi.

"Mathe, unaweza kutusaidia? Ni kipande kidogo tu."

Kwanza miwani itoke. Nikamuuliza, kwani mama wa kijijini haoni? Akasema anaona, lakini hasomi. Mkononi nilikuwa na daftari la chama chetu, wanawake 22, mikopo, riba na majina ya wanaokwepa kulipa, yote kwa mwandiko wangu. Daftari likatoka. Simu ikatoka. Saa ikatoka. Viatu vikatoka, nikaanza kuogopa kinachofuata. Nikafungwa leso mbili, nikakalishwa kwenye kigoda, nikapewa ungo usio na kitu.

"Nipepete nini?"

"Pepeta tu, mathe."

Nikapepeta hewa. Kuku waliokuwa wakiviziavizia omena walinitazama kwa huruma.

Maneno yangu yalikuwa mawili: "Mwanangu, umerudi." Kabla yake nikohoe, baada yake nikohoe zaidi. Nikakohoa. Kijana akatikisa kofia. "Kohoa kidogo tena, mama. Kama mtu anayekufa."

"Nakufa na nini?"

Akatazama karatasi zake, akapindua ya kwanza, akapindua ya pili. Haikuandikwa. "Ni umri tu," akasema.

Umri! Mama yangu mzazi ana miaka 81, na juzi tu alimfukuza ng'ombe wa jirani toka shamba la mahindi kwa mbio ambazo mimi siziwezi.

Nilipoanza kukohoa mara ya tatu, simu ikalia ndani ya mkoba. Ni mteja wangu wa Isebania, anataka magunia mawili kabla ya saa tisa. Mgonjwa akaruka toka kigodani. Nikabishana bei kwa Kiswahili, nikaongeza Dholuo, nikamalizia na Kikuria kidogo nilichojifunza sokoni. Kijana wa kofia akapaza sauti: "Kata! Kata!" Nikamwambia siwezi kukata, mteja bado yuko hewani.

Nililipwa shilingi 500 na soda. Kufika kwenye nyavu, omena nzuri ilikuwa imekwenda na akina mama wasio na kipaji cha uigizaji. Mimi nikabaki na ile ya mchanga.

Tangu siku hiyo nikiketi mbele ya runinga nawahesabu wanawake wa rika langu kama askari wa zamu. Nimewapata wa aina tatu. Wa kwanza ni mgonjwa, yule anayekohoa. Wa pili ni mtakatifu: amevaa sare ya kanisa, anawaombea wote, na kwake hakuna dalili ya mahali chakula kinapotoka. Wa tatu ni mama mkwe. Huyo ndiye mwenye ajira ya kudumu. Citizen TV ilikuwa na kipindi cha miaka mingi ambacho jina lake lilikuwa ni hilo hilo, Mother-in-Law. Kabla ya hapo na baada ya hapo tukaletewa filamu za Nigeria, na mwigizaji wao Patience Ozokwor, aliyezaliwa 1958, akawafunza wakwe zetu kutuogopa hata kabla hatujakutana nao. Ni fundi, simlaumu. Lakini mkaza mwana wangu aliponitembelea mara ya kwanza aliionja chai kwa ncha ya ulimi, kama anayepima sumu. Kwa hilo nimlaumu nani?

Angalau kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kilitupa Mama Kayai. Mwanamke mzima, ana maoni, ana mdomo, na mumewe Ojwang' akileta ujinga anajibiwa papo hapo. Hatukumsubiri akohoe.

Kinachonikera zaidi ni kwamba huku kwetu hatukuhitaji kuiga. Ziwa letu la Victoria lina hadithi mbili kubwa, na zote mbili zimebebwa na wanawake wazee.

Ya kwanza ni ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay. Wazee husimulia kwamba palikuwa kijiji. Usiku mmoja watu wako kwenye sherehe ya pombe, mwanamke mzee akaja akiomba hifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, naye akaambiwa aondoke haraka na watu wake. Mvua ikanyesha, kijiji kizima kikazama. Ukienda leo utakuta maji na heroe. Nyumba hamna.

Ya pili ni ya Nyamgondho wa Ombare, mvuvi fukara wa Gwassi. Alitega samaki, akanasa ajuza. Angemrudisha majini, lakini akampeleka nyumbani akamfanya mke, na boma likajaa ng'ombe. Utajiri ulipomlevya, pombe nayo ikamaliza kazi: akamtukana yule mke, akamkumbusha kwamba alimtoa ziwani. Mama hakukohoa. Hakulia pia. Alisimama, akarudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata mmoja mmoja hadi wa mwisho. Nyamgondho akabaki ameduwaa ufukweni pale Nyandiwa hadi akageuka kitu kisicho na uhai. Mawe yenye alama zinazosemekana ni kwato za wale ng'ombe bado yako huko.

Sasa niambie, nani aliyeielewa kazi ya kutunga: babu aliyesimulia kando ya moto bila umeme, au kijana wa kofia mwenye kamera ya mamilioni?

Na si hadithi tu. Phoebe Asiyo, aliyezaliwa 1932, alichaguliwa mbunge wa Karachuonyo mwaka 1979 akiwa na miaka 47, umri wa kuuza mafuta ya kupikia. Akarudi bungeni 1992 akiwa na miaka 60, umri wa jeneza, na 1997 akapeleka hoja ya kuwatengea wanawake nafasi za uongozi. Wabunge wakaiangusha, lakini mbegu ilikuwa imeshaingia ardhini. Alipofariki Julai 2025, runinga zilimkumbuka. Tamthilia kuhusu maisha yake mimi sijaiona. Gladys Wanga naye ni gavana wa Homa Bay tangu 2022, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Kwenye taarifa ya saa moja mama anaongoza kaunti. Ikifika saa moja na nusu tamthilia inaanza, na mama yuko kigodani na ungo mtupu.

Lipo jambo moja ambalo sitalifanyia mzaha. UKIMWI ulipopita kwenye kaunti zetu mbili, Homa Bay na Migori, ulichukua wana na wakaza wana, ukawaachia bibi watoto. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi ya VVU Homa Bay ni asilimia 19.6 ya watu wazima, ya juu kuliko kaunti zote, na Migori ni asilimia 13. Nina jirani aliyelea wajukuu watano kwa omena na ndizi. Watu wa shirika fulani walikuja kumpiga picha, wakamwomba asitabasamu. Alikuwa anatabasamu kwa sababu mjukuu wa pili alikuwa ameitwa chuo kikuu siku hiyo. Picha waliyoichukua ina machozi. Ni ya moshi wa jikoni.

Kwa hiyo waandishi wa tamthilia, ombi langu ni dogo. Mwandikieni mama wa miaka 54 kazi ya kufanya. Akope, adai, akosee, apende hata, akasirike akitaka, na mkwe wake ampatie haki ya kuwa mtu wa kawaida. Akifa, basi afe na ugonjwa wenye jina.

Jumanne nitakuwa Homa Bay mapema, mwezi ukiwa bado haujapevuka, maana mbalamwezi ikiwaka omena hawavuliki. Leteni kamera zenu. Kikohozi mje nacho wenyewe.