Namna ya Kuungua Vizuri Mlandege Mwezi wa Saba

Mahitaji ni machache. Uwe umetibiwa saratani ya titi, uwe unameza tamoksifeni, kidonge cha miaka 5 na kwa wengine 10, kisha uwe mkazi wa Mlandege, Iringa, mwezi ambao mji mzima umejifunga mablanketi. Kidonge kinaizuia estrojeni isichochee saratani. Tatizo ni kwamba sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili, ikikosa homoni hiyo, huwa kama mlinzi wa geti anayempigia filimbi kila mpita njia. Joto likipanda kidogo tu, mishipa inatanuka, jasho linamwagika, moyo unadunda. Baridi ya nje haimhusu.

Basi moto ukikupanda sokoni, kifuani hadi usoni, jipepee na khanga bila aibu. Muuza viazi akisema, "Kamwene mama, unaumwa?" jibu malaria. Malaria ina heshima zake. Ukitaja titi, kabla hujalipa utakuwa umeshauziwa unga wa mizizi unaotibu pia kisukari, nguvu za kiume na mikosi.

Wifi yako atapendekeza homoni za kurudisha ujana. Mshukuru, usizimeze. Huko Sweden utafiti wa HABITS ulisimamishwa mwishoni mwa 2003 kwa sababu saratani ilirudi zaidi kwa wanawake waliopewa homoni.

Usiku, mpe baba watoto blanketi lake peke yake. Wewe chukua mawili mepesi, uyatupe na kuyavuta upendavyo. Jasho likikauka utatetemeka kuliko yeye.

Dawa zisizo na homoni zipo: venlafaksini ya sonona, gabapentini ya kifafa, oksibutinini ya kibofu. Ndiyo, dawa ya kibofu kwa uso unaowaka. Atakayesoma boksi atakuwa na la kusimulia wiki nzima. Oksibutinini hukausha mdomo, gabapentini huleta usingizi, kwa hiyo daktari ndiye achague. Hapa utani nauweka kando: paroksetini na fluoksetini, nazo za sonona, hulizuia ini lisiibadilishe tamoksifeni iwe na nguvu. Ukienda taasisi ya saratani ya Ocean Road au hospitali ya rufaa Mbeya, beba kila kidonge unachomeza, hata kile cha wifi.

Kuna na tiba ya maongezi. London, wanawake 96 waliotibiwa saratani ya matiti walishiriki utafiti uliochapishwa 2012. Waliopata tiba hiyo walikutana kwa vikundi, dakika 90 kila wiki kwa wiki 6, na joto likapunguza kuwasumbua. Mlandege vikao vya namna hiyo tunavyo, tunaviita kikoba. Kasoro ni kwamba kwenye kikoba tunajadili rejesho la kila mtu, titi la mtu halimo kwenye ajenda.

Na mbele ya daktari usiseme "namshukuru Mungu, sijambo." Sema, "Daktari, naungua." Akikutazama ulivyovaa makoti mawili, vua moja.